Mjinga hakunji kitenge

Shangazi, jambo. Niko Goma, huku Ndosho. Mimi ndiye mtunza makuta, yaani pesa, wa likelemba yetu, mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu: wamama 12, kila mmoja dola 40 kwa mwezi. Tangu benki zifungwe Januari 2025, makuta yanakaa kwangu, ndani ya sanduku. Siku moja nikiwa soko la Virunga, bwana yangu alichukua yote, dola 480, akafunga kufuli na kukunja kitenge juu yake vilevile nilivyokuwa nimekikunja mimi. Aliyatuma kwa watu wa kwenye simu waliomwahidi kuyarudisha mara mbili. Namba yao haipatikani tena. Na baba yake alimsimulia mara nyingi vile Bindo, ule mchezo wa kuahidi kuzidisha makuta, ilivyomla Kinshasa, 1991! Mama mkwe anasema hakuiba, hakunywa, hakupeleka kwa mwanamke. Alikuwa mjinga tu, na ujinga si dhambi. Je, nina haki ya kumkasirikia?

Mwanangu, pole. Haki unayo.

Mama mkwe amechanganya watu wawili. Mjinga hajui. Mpumbavu ameshaambiwa. Sisi wa Goma tunaishi na mazuku, ile hewa inayotoka ardhini, nzito, isiyo na harufu, inayolala mashimoni na kuua hasa alfajiri kabla ya upepo kuamka. Mgeni aliyefika jana kutoka Kisangani akijilaza shimoni apumzike, tutamlilia tu. Lakini mwenyeji ameona ndege waliokufa pale, jirani amemwonya, naye anamtuma mtoto akaokote kuni humohumo kwa kuwa ni karibu. Hata mtoto akirudi mzima, yule baba ana kosa.

Bwana yako alikulia na hadithi ya Bindo. Waliotangulia walilipwa kwa makuta ya waliowafuata, hadi wa kufuata wakaisha. Aliijua. Ila mimi kilichonisimamisha ni kile kitenge. Angeamini kweli kwamba dola 480 zitazaa, angekuamsha usiku akuhesabie faida, mwanaume gani ananyamaza na utajiri? Alikikunja vizuri kwa sababu kuna sehemu ndani yake iliyokuwa inajua, naye akaifunga mdomo. Kosa lake liko hapo. Kudanganywa kulikuja baadaye, na hilo la kudanganywa mhurumie.

(Simsemi kutoka juu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu Nyiragongo ilipolipuka, nilirudi ndani kufuata sufuria mpya, mjukuu nimemshika mkono. Hakuna aliyeungua. Ile sufuria bado ninaipikia sombe, na bado inanitia haya.)

Mama mkwe akitaka Biblia, mfungulie Marko 7: upumbavu umeandikwa katika orodha moja na wizi. Wewe nawe usimwite bwana yako mpumbavu mbele ya watoto, Mathayo 5 inakataza. Mimi nimelitumia neno hilo kwa sababu hii ni barua.

Sasa likelemba. Najua unawaza kuuza vitenge vyako ujaze sanduku kimyakimya kabla zamu haijafika. Usifanye hivyo. Ukifanya, mtakuwa wawili mnaoficha, na mwezi ujao wamama watakuwa wanakuamini kwa uongo. Waite wiki hii, kabla habari haijawafikia kupitia kwa jirani. Mwenye zamu ya mwezi huu atafutiwe chake kwanza, maana huenda ameshaahidi ada ya watoto. Wengine mpatane nao muda. Bwana alipe kutoka kazi yake, kidogokidogo kila wiki, na daftari alishike mama mwingine, si wewe. Wakikuondoa kwenye utunzaji, kubali. Ufunguo ulikuwa kwako.

Naye aje mwenyewe, asimtume mama yake. Akianza na "walinidanganya", mkatishe. Aanze na "nilifungua sanduku".