Mfuko mbadala unaotoa unga na kukatika mkono

SWALI: Nina duka la rejareja hapa Morogoro. Tangu rambo, ile mifuko myepesi ya plastiki, zipigwe marufuku nauza mifuko mbadala, lakini siku hizi wateja wananirudishia wakilalamika kwamba mkono umekatika hata nyumbani hawajafika. Mabunda niliyoyaweka chini ya dirisha yameanza kutoa unga mweupe, na ukiushika mfuko unamung'unyika. Muuzaji wa jumla anasema hicho ni kitambaa, si plastiki, kwa hiyo kuoza ni kawaida yake. Ni kweli? Nitajuaje mzigo mzuri kabla sijalipa? Mama watoto anashauri tuhamie kwenye mifuko ya pamba, eti ndiyo salama kwa mazingira. Na mfuko ukishabebea samaki, unafuliwa au unatupwa?

JIBU: Ndugu yangu, muuzaji wako wa jumla amekudanganya, au na yeye kadanganywa. Mfuko huo ni plastiki. Inaitwa polipropilini, jamii moja na viroba vya sukari na vifuniko vingi vya chupa. Kiwandani plastiki huyeyushwa, ikasukumwa kupitia vitundu vidogo sana, ikatoka nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo humwagwa ovyo juu ya mkanda, halafu hupitishwa kati ya roli za moto zenye vinundu. Kila kinundu kinapogusa huzigandisha nyuzi pamoja. Ukiuangalia mfuko wako kwa karibu utaziona hizo nukta zilizojipanga safu kwa safu. Hapo hakuna aliyefuma wala kusuka kitu.

Ukitaka kujiridhisha, kata kipande cha upana wa kidole, kishike kwa koleo ukiwa nje, kiwashe. Pamba huungua ikaacha jivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua. Hicho chako kitanywea, kitayeyuka na kudondosha matone, na harufu yake ni ya mshumaa. Jihadhari na matone, yanaunguza vibaya, na moshi wake usiuvute.

Sasa unga. Huo si uozo. Polipropilini ina udhaifu mkubwa mbele ya jua: mionzi yake hukata minyororo ya kemikali inayoishikilia, na nyuzi zikiwa nyembamba kiasi kile, kazi hiyo haichukui muda mrefu. Kioo cha dirisha huzuia sehemu tu ya mionzi hiyo, inayobaki inatosha kuharibu. Kuna dawa ya kukinga jua ambayo mtengenezaji anaweza kuichanganya tangu mwanzo, lakini ni gharama, na wanaotafuta bei ya chini huiruka. Wengine huongeza na unga wa chokaa ili plastiki ipungue, na mfuko wa namna hiyo hulegea mapema zaidi. Hicho kinachokubaki viganjani ni vipande vya nyuzi, yaani plastiki iliyovunjikavunjika, pengine pamoja na hiyo chokaa. Ukikifagilia nje kinaingia mtaroni kikiwa bado plastiki. Mabunda yaliyofikia hali hiyo usiyauze. Yaliyosalia yahamishie kwenye giza, ndani ya boksi au chini ya turubai zito.

Kuhusu kuchagua mzigo, hapa ndipo penye pesa yako. Kiwango kilichotangazwa nchini kwa mifuko hii ni uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita ya mraba, ndiyo ile GSM 70 mnayoisikia. Tena mfuko unatakiwa uoneshe mtengenezaji ni nani na unabeba kilo ngapi. Shida ni kwamba GSM inaweza kuandikwa 70 na kitambaa kikawa nusu yake, na kwa macho hutambui, hasa rangi ikiwa imekolea. Usibishane na mtu, chukua mizani.

Tuseme mfuko una upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 40. Una pande mbili, kwa hiyo eneo lake ni mita 0.35 mara 0.40 mara 2, sawa na mita za mraba 0.28. Mikono miwili, kila mmoja ukiukunjua ukapata sentimita 45 kwa 6, inaongeza kama 0.054. Jumla ni 0.334. Zidisha kwa 70, unapata gramu 23 na kidogo. Kwa hiyo bunda la mifuko 100 ya saizi hiyo linatakiwa kukaribia kilo 2.3. Ukiliweka kwenye mizani yako ya sukari likasoma kilo 1.2, umeuziwa kitambaa cha kama GSM 36. Hesabu hiyo unaifanya palepale kwa muuzaji wa jumla, kabla hujafungua pochi. Akikataa bunda lisipimwe, basi.

Uzito peke yake hautoshi, maana mara nyingi kinachokatika ni pale mkono unapoungana na mfuko. Mifuko ya bei ndogo haishonwi. Inaunganishwa kwa mashine inayotetemesha plastiki kwa kasi kubwa mpaka ipate joto na kugandana. Mashine ikisetiwa vizuri, kiungo ni imara kabisa. Joto likizidi kinakuwa kigumu na kukatika pembeni ya alama, likipungua mkono unabanduka. Ushike mkono karibu na kiungo, uvute kwa nguvu ukiupinda pembeni. Ukibanduka mzimamzima bila kuacha nyuzi, haukuungana. Kikichanika kitambaa chenyewe, kiungo kiko sawa, tatizo liko kwenye kitambaa. Ile iliyokatwa mikono kama singlendi haina kiungo hapo, ila huanza kuchanika kwenye kona ya chini ya mkono, na kona yenye pembe kali hutangulia. Kisha weka ndani dumu la maji la lita 5, inue na ushushe mara kadhaa kwa mtikiso. Kama mfuko wenyewe umeandikwa kilo 5 na unashindwa hapo dukani, mteja atafika nao wapi?

Kwa nini nakazania uzito? Ripoti ya Wakala wa Mazingira wa Uingereza ya mwaka 2011 ilipima mifuko myepesi ya plastiki ya madukani huko, wastani wake ukawa kama gramu 8. Wako wa gramu 23 una plastiki ya mifuko mitatu ya aina hiyo. Maana yake, ukitumika mara mbili tu na kutupwa, umeingiza mtaani plastiki nyingi kuliko ambayo ingetumika kwa mifuko ile myepesi. Na huo wa gramu 12 unaokatika siku ya kwanza nao umeshaupita uzito wa rambo moja ya gramu 8, na faida yake hakuna aliyeiona. Tanzania bara iliondoa mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019 kwa sababu ya takataka, mitaro na mifugo. Mfuko mbadala dhaifu unaturudisha hukohuko kwa gharama kubwa zaidi. Kenya waliliona hilo mapema: mwaka huohuo NEMA, mamlaka yao ya mazingira, ilitangaza kuizuia mifuko hii kwa ubora hafifu, na suala likafika mahakamani.

Mama watoto ana hoja, ila asiharakishe. Ripoti hiyohiyo ya Uingereza ilikokotoa kwamba mfuko mpya wa pamba unahitaji kutumika mara 131 ndipo madhara yake kwa hali ya hewa yashuke chini ya yale ya mfuko mwepesi uliotumika mara moja. Kwa ule wa polipropilini ni mara 11, na wao walipima mfuko mzito kuliko huu wetu. Nisingezichukua namba hizo kama zilivyo, kwa kuwa hazikuhesabu mbuzi aliyemeza mfuko wala mtaro ulioziba, na pamba yetu ya Simiyu na Shinyanga hutegemea mvua, si umwagiliaji. Lakini mwelekeo wake ni sahihi: kulima, kusokota, kufuma na kutia rangi si kazi ndogo. Mfuko wa pamba wa kugawa bure kwenye semina, ukaishia kabatini, hauna utetezi. Ulioshonwa na fundi kutokana na kitenge kuukuu hauna deni hilo, kitambaa kilikuwepo tayari. Kikapu cha ukili ndicho ningekipa kipaumbele kwa safari za sokoni. Dukani kwako weka michache, uone inavyokwenda.

Samaki: mfuko unafuliwa. Ufue kwa mkono, maji ya uvuguvugu na sabuni, uugeuze ndani nje, usugue viungo au mishono kwa sababu maji ya samaki hujificha hapo, kisha uanike kivulini mpaka ukauke kabisa. Jua utalikwepa kwa sababu ile ya unga. Pasi usiuguse nayo. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 160, na pasi ya kunyooshea pamba hupita hapo. Wa pamba unaweza kuuchemsha. Vyovyote vile, mfuko wa samaki na nyama uwe wake peke yake, usichanganywe na wa nyanya na mkate. Ukibaki na harufu baada ya kukauka, rudia kufua kabla haujabeba kitu kingine.