Mradi wa zamani ujengeke tena: tunza vifurushi vyenyewe, si orodha yake tu

Aliyewahi kukabidhiwa programu iliyokaa miaka kadhaa bila kuguswa, akaombwa arekebishe kosa dogo tu, anajua kwamba kosa lenyewe mara nyingi humalizika upesi, ilhali kuufanya mradi ujengeke tena, yaani msimbo wake ugeuzwe kuwa programu inayofanya kazi, hula siku nzima. Kutokana na kazi yangu ya kutunza mifumo ya aina hiyo, naamini kwamba orodha ya matoleo ya vifurushi, yaani vipande vya msimbo wa watu wengine ambavyo mradi huvitegemea, ni ya lazima lakini haitoshi, kwa kuwa hutaja kinachohitajika bila kuhakikisha kwamba bado kinapatikana.

Machi 2016, mwandishi wa left-pad, kifurushi chenye mistari 11 tu ya msimbo, alikiondoa kwenye npm, hifadhi ya mtandaoni ya vifurushi vya JavaScript, na miradi mingi ikashindwa kujengwa hadi kiliporudishwa. Hata hifadhi nzima yaweza kufungwa: mwaka 2021 kampuni ya JFrog ilitangaza kuisitisha JCenter, iliyotegemewa na programu nyingi za Android.

Kwa miradi ya JavaScript, weka package-lock.json, faili inayotaja toleo kamili la kila kifurushi, ndani ya Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, kisha kwenye seva ya kujengea tumia amri npm ci, ambayo hukataa kuendelea faili hiyo ikihitilafiana na package.json, orodha ya mahitaji ya mradi, tofauti na npm install inayoweza kuibadilisha. Vifurushi navyo viwe na nakala kwenye hifadhi yenu wenyewe, kwa mfano kwa kutumia Verdaccio, programu ya kuendesha hifadhi ya aina hiyo. Wanaotumia lugha ya Go wana njia nyepesi zaidi, amri go mod vendor, inayonakili vifurushi ndani ya mradi wenyewe.

Linalosahaulika zaidi ni mazingira, yaani programu ambamo mradi hujengwa na kuendeshwa. Node.js, programu inayoendesha JavaScript, ilipotoa toleo la 17 Oktoba 2021 likiwa na OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji fiche, miradi ya webpack 4, chombo cha kuunganisha faili za JavaScript, ilianza kukwama pasipo kifurushi chake hata kimoja kubadilika, kwa sababu webpack hiyo ilitumia MD4, njia ya zamani ya kukokotoa alama ya utambulisho wa data, ambayo OpenSSL 3 haiiruhusu tena kwa kawaida. Kwa hiyo andika toleo la Node.js unalotumia, na kwenye Docker, inayofungasha programu pamoja na mazingira yake katika «taswira», usitegemee jina «latest», ambalo huweza kuelekezwa kwenye taswira nyingine wakati wowote. Taja taswira kwa alama yake ya sha256, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, na uitunzie nakala.

Wapo wanaohofu kwamba matoleo yaliyogandishwa hubaki na mianya ya kiusalama, na hofu hiyo ni ya haki kabisa. Sasisheni basi, ila kwa badiliko linalojitegemea, lenye majaribio yake, wala si kwa bahati katikati ya kazi nyingine. Kila mwezi jengeni mradi upya kwenye mashine tupu, intaneti ikiwa imezimwa na hifadhi yenu pekee ikifikika. Kikikosekana kitu, kitafuteni wakati huo huo, kabla mteja hajapiga simu.