Barua kwa mwanangu: usinunue mitetea wengine kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza kama uongeze kuku, kwa sababu mitetea wako watano wamemaliza mwaka bila kuongezeka na mayai bado mnanunua dukani. Usiongeze. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 12 hadi 15, huatamia siku 21, kisha hulea vifaranga miezi miwili au mitatu bila kutaga hata yai moja. Muda mwingi unaishia kwenye kulea, na wanaolelewa wenyewe huchukuliwa na mwewe au ugonjwa wa kideri.

Atamisha wawili kwa pamoja. Wa kwanza akianza kulalia, mwachie yai moja tu, bora la kuchemsha ulilolitia alama. Mengine yaweke penye ubaridi, ncha nyembamba chini, kila moja na tarehe ya penseli. Usiyaoshe, maji huondoa utando unaozuia vijidudu. Yaliyozidi siku 10 kaangeni. Wa pili akilalia, wape wote usiku uleule mayai 12 kila mmoja. Chini ya nyasi za kiota tandaza majivu. Mtetea anayekimbia mayai siku ya 15 mara nyingi ananyonywa damu na utitiri, wala hana ukorofi wowote.

Siku ya 7 yamulike gizani kwa tochi ya simu. Lenye mishipa kama utando wa buibui libaki, lililo jeupe tupu ndani litoe.

Yakianguliwa, usiku huohuo mpe mama mmoja vifaranga wote, wasizidi 20. Mwenzake mpeleke asikosikia sauti zao, na baada ya wiki mbili tatu atarudi kutaga. Huyo mlezi naye mwondoe vifaranga wakifika wiki nne. Hadi hapo wafungie bandani au chini ya tenga, na maji yawe kwenye kisahani chenye kokoto, la sivyo watazama. Wape chakula cha vifaranga cha dukani. Pumba peke yake haina protini ya kutosha, na chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi inayoharibu figo zao.

Kuhusu kideri sina mzaha. Ukiona kinyesi cha kijani na shingo zinapinda, umeshachelewa, kwani chanjo haiponyi. Tafuta ile ya I-2 inayotengenezwa Kibaha: tone moja kwenye jicho moja, msubiri apepese ndipo umwachie, na urudie kila baada ya miezi mitatu, vifaranga wakiwemo. Inastahimili joto kiasi kuliko chanjo nyingine, lakini si jua kali. Ibebe imefungwa kwa kitambaa kibichi. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo changeni na majirani. Kuku wao wanachakura uwanjani kwako, hata ukipenda usipende.

Majogoo yachinjeni yakifika miezi mitano au sita, msiyalishe bure. La kupandia linatosha moja kwa mitetea 10, ila mwakani libadilishe na la kijiji kingine kabla halijaanza kupanda binti zake. Hilo geni likae peke yake siku 14 kwanza, na ulipe maji kwa chombo chake.

Mama yako