Mti anaokula sokwe wa Mahale ndo huohuo mama mkwe anachemsha

Ndugu zangu, hizi dawa za miti tunazitumia sana hapa Dar, ukipita Kariakoo mizizi imepangwa chini, kwenye daladala mtu anapanda na unga wa mlonge anauza, na sisemi ni vibaya, mimi mwenyewe nimeolewa kwa Wahaya na uani kwetu Kimara kuna mti wa mubirizi mama mkwe aliupanda kwa mkono wake. Ila kuna jambo nataka tulielewe vizuri, na aliyenielewesha ni sokwe.

Mwaka 1987 kule Mahale, mkoani Kigoma, mtafiti mmoja anaitwa Michael Huffman alikuwa anamfuatilia sokwe jike jina lake Chausiku. Alikuwa anaumwa, amelala lala tu, hata mtoto wake hamshughulikii. Akainuka akaenda kwenye mti fulani mchungu kupita maelezo, akavunja tawi, akamenya gome, majani akatupa, akatafuna ule moyo wa ndani na kunyonya maji yake. Kesho yake akawa anatembea na kula kama kawaida. Sasa Huffman hakuwa peke yake, alikuwa na Mohamedi Seifu Kalunde, wa kabila la Watongwe, mtu wa hifadhi na mwenyeji wa pale anayejua miti ya dawa, na ni yeye aliyemwambia kwamba ule ni mjonso, kwao ni dawa kali ya tumbo na homa. Mjonso ndo mubirizi huo huo! Yaani nilivyosoma hiyo nilitoka nikaenda kuuangalia mti wetu upya.

Baadaye walipima kinyesi cha sokwe mwingine aliyetafuna mti huohuo, mayai ya minyoo yakawa yameshuka kutoka 130 mpaka 15 kwa gramu ndani ya kama saa 20. Na Huffman anaeleza kwamba babu yake Kalunde alishawahi kuona nungunungu mgonjwa akichimba na kula mizizi ya mti unaitwa mulengelele, na akaanza kutibia nayo watu wa kijiji waliokuwa wanahara damu. Kwaiyo hii elimu ya wazee wetu sehemu yake ilitoka kwa wanyama.

Na bado inaendelea. Mwaka 2024 watafiti waliofuatilia sokwe wa msitu wa Budongo, Uganda, walichukua sampuli za aina 13 za miti na mimea mingine wanayokula wakiumwa au kujeruhiwa, maabara ikaonyesha asilimia 88 ya sampuli zinazuia bakteria wasikue. Mwaka huohuo ikatoka habari ya orangutani (nyani mkubwa) wa Sumatra, Indonesia, anaitwa Rakus, alitafuna majani akapaka kwenye kidonda cha usoni na kikapona.

Sasa angalia Chausiku alivyofanya. Hakula mti wote. Gome na majani vina sumu zaidi kuliko ule moyo wa ndani, na yeye akaviacha. Afu sokwe wasioumwa hawaugusi hovyo, na mgonjwa akishapata nafuu anaacha. Sisi je? Tunachemsha kila kitu, jagi zima, asubuhi na jioni, mwezi mzima, eti ni asili haina madhara. Hapo ndo mnapoteza watu wenu jamani.

Mama mkwe ana kisukari na anatumia glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari. Siku moja usiku akaanza kutetemeka na jasho jingi, tukapima na kile kimashine cha nyumbani, sukari iko chini sana, tukampa maji ya sukari haraka akarudi sawa. Kliniki dokta akamuuliza kwa upole kabisa, "Mama, kuna kitu kingine unatumia?" akasema mubirizi. Dokta akaeleza kwamba hicho kidonge peke yake kinaweza kushusha sukari kupita kiasi, na mubirizi nao umejaribiwa kwa panya ukaonekana unashusha, sa vikikutana ndani ya mtu mmoja ni hatari. Hakumgombeza. Mama akaamua kuuacha akiwa kwenye dozi, na mi nikapenda sana huyo dokta alivyoongea naye. Kwaiyo mtu wako akienda kliniki, abebe na jina la mti anaotumia, au hata tawi lenyewe kwenye mfuko.

Homa nayo, pima kwanza. Dar hii tumeshaona dengi ya 2014 na ya 2019, siyo kila homa ni malaria, na malaria ikionekana dawa ni mseto, maliza dozi. Ukitaka mganga, muulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, mwenye usajili hakasiriki ukimuuliza. Na pale Muhimbili kuna taasisi ya dawa asili inayofanya utafiti wa hii miti tangu 1974, siyo kwamba wasomi wetu wanaidharau.

Ila kitu kinachoniuma kuliko vyote ni hawa wanaouza magamba ya kakakuona na vichupa vya mafuta ya simba. Gamba la kakakuona ni keratini, kitu kilekile kilichoko kwenye kucha zako, hakuna ugonjwa linatibu. Ukikutwa nalo ni nyara za serikali, unafungwa, na mnyama ameshakufa bure. Msinunue. Mkiona yanauzwa ripotini, hata kama muuzaji mnamfahamu.

Afu la mwisho, kama una bibi au babu anayejua miti, chukua daftari wikiendi hii ukae naye. Andika jina la mti kwa kilugha, sehemu gani inatumika, kiasi gani, nani asipewe (wajawazito na watoto waulizie kabisa), na piga picha ya jani na ua. Kalunde jina lake limo kwenye andiko la kisayansi la 1989 pamoja na Huffman kwa sababu alikuwepo mtu wa kumuuliza na kuandika. Mimi na mama mkwe tumeshaanza, tuko kwenye miti ya Muleba.