Kabla hujashika kamera kuzungumzia VVU

Wiki iliyopita dada mmoja wa Gongo la Mboto aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kutengeneza filamu fupi ya kuwaelimisha vijana kuhusu UKIMWI. Nianzie wapi?" Akaniwekea na hadithi yake. Kijana anapenda starehe, anaambukizwa, anakonda, anakufa, mama yake analia makaburini. Nilisoma mpaka mwisho, nikaweka simu chini. Hadithi ile naijua. Niliwahi kuitengeneza mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2017. Nilikuwa na kamera ya kuazima, marafiki wanne na uchungu wa muda mrefu. Mjomba wangu alifariki mwaka 2003, mwaka mmoja kabla serikali haijaanza kutoa bure ARV, dawa za kufubaza VVU. Nilikuwa na miaka 11. Nakumbuka mashavu yake yalivyobonyea, na nakumbuka kikombe chake kilichotundikwa peke yake kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi ndiye niliyetumwa kukiosha kwa maji ya moto, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Nikakua na picha ile. Nilipopata kamera nikaitoa kama ilivyo, dakika 14, tukampaka mwigizaji majivu chini ya macho mpaka akafanana na maiti. Tulijisifu sana siku ile.

Tukaionyesha kwenye kibanda umiza kimoja Tandale, jioni kabla ya mpira. Watu walikaa kimya, nikaamini nimewafikia. Kaburi lilipotokea kwenye skrini, mama mmoja wa benchi la nyuma akainuka, akatoka. Nikamfuata nikidhani amekumbuka msiba. Akanitazama, akasema taratibu: "Mwanangu, umenizika. Nina miaka kumi na miwili na hivi virusi, na kesho asubuhi nina marejesho ya kikoba."

Naandika haya na aibu bado iko kifuani. Nilikuwa nimetengeneza filamu ya mwaka 2003 na kuwaonyesha watu wa 2017. Mtu anayemeza dawa zake vizuri, virusi vikafubaa mpaka kipimo hakivioni, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Mama mwenye VVU akifuata huduma za kliniki anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto akabaki salama. Nilishayasikia hayo yote, ila sikuyaweka kwenye script kwa sababu hayatishi. Na sijui ni vijana wangapi walitoka kibandani pale wakiwa wameapa kutopima kamwe. Ukimwambia mtu kwamba majibu ni kaburi, kwa nini ayafuate majibu?

Nilimwomba yule mama anisamehe, kisha nikamwomba anifundishe. Alinikubalia siku tatu, mbele ya karai lake la vitumbua, alfajiri. Anaishi Tandale lakini dawa anachukulia Mbagala, maana CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, ya karibu imejaa majirani. Na kichupa cha dawa hukijaza pamba. Vidonge vikigongana ndani ya daladala vina mlio wake, aliniambia, na wanaoujua hugeuka kutazama. Aliposema hilo la pamba nikajua filamu ya pili itaanzia hapo.

Ilikuwa ya dakika 7. Mwanamke, daladala, mkoba mapajani, foleni, na ule mlio. VVU havitajwi mpaka dakika ya tano. Anashuka Rangi Tatu, anachukua dawa, anarudi nyumbani kupika. Hakuna anayekufa. Ninajivunia filamu ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya, na nasema hivyo bila kuona haya.

Shirika moja lilitaka kuinunua, lakini kwa sharti: mwisho tuongeze yule mwanamke akiwa amelazwa, "ili watu wapate funzo." Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili. Nikakataa. Miezi michache baadaye nikaona wamemlipa mwingine, bango lake lina jeneza. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na watu. Script yako isomwe na wanaoishi na VVU kabla haijasomwa na mwigizaji yeyote, na wasiwe mmoja, wala usiwaombe waisome bure. Muda wao ni riziki yao. Wakikwambia "hapa umetukosea", futa. Sura ya mtu usiitumie kwa sababu tu amekubali leo akiwa na furaha. Sheria yetu ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu na inakataza unyanyapaa, lakini kipande cha video kikishaingia WhatsApp hakuna sheria itakayokirudisha. Mimi nilitumia mwigizaji, hata sauti ya mama sikuirekodi.

Chunga mdomo wa wahusika wako. Ukimwandikia mtu "amekanyaga miwaya", yaani ameambukizwa, ili watu wacheke, watacheka, na kesho watamchekea jirani. Usichanganye VVU na UKIMWI, si kitu kimoja: VVU ni virusi, UKIMWI ni hali inayokuja virusi visipodhibitiwa. Kibali cha Bodi ya Filamu kifuatilie mapema. Ukiwa na fedha kidogo nunua maiki kwanza, simu yako inatosha kwa picha.

Na jamani, tuache kutisha watu. Miaka mingi tumewatisha, na hofu hiyo ndiyo iliyotundika kile kikombe msumarini. Kama unataka vijana, mbona hadithi zao zipo? Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kusubiri ridhaa ya mzazi, na mtu anaweza kujipima mwenyewe. Mpige picha huyo aliyejifungia chooni na kipimo, dada yake akigonga mlango anataka kuoga. Dakika zile za kusubiri ni filamu nzima.

Dada wa Gongo la Mboto, hadithi yako usiitupe. Toa makaburi. Huyo kijana wako mwache aishi, halafu niandikie tena uniambie Jumatatu asubuhi anaamkia wapi, na dawa zake ameziweka wapi.