Hesabu ya nyasi za Törbel

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa nakamua. Unasema umepanda basi kutoka mji wa Visp hadi Törbel, kijiji cha milimani huko Uswisi, ukakuta vishamba vimebandikwa kwenye mteremko ambao hata mbuzi angesitasita. Ukaniuliza: hati zao za ardhi zinafika nyuma hadi 1224, na malisho yao bado yapo. Sisi ya kwetu tumeyamaliza bibi yako akitazama. Wao waliwezaje?

Mwaka ule nilipopelekwa kozi ya malisho, tulishinda siku nzima pale, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona na nilichosoma baadaye. Kijiji kiko kama mita 1500 juu ya bahari, lakini ardhi yake inaanzia chini bondeni kwa mto Vispa na kupanda hadi karibu mita 3000. Chini mizabibu, katikati majani ya kukata na mashamba ya nafaka iitwayo rai, juu msitu, kisha malisho ya Moosalp wanakopelekwa ng'ombe kiangazi. Mvua ni haba, kwa sababu milima inaikinga pande zote. Ndiyo maana umeona ile mifereji. Nilipoiona nilicheka peke yangu: ni kama mifongo, ile mifereji yetu ya Uchagani, na zamu za maji vilevile.

Sasa jibu lenyewe. Tarehe 1 Februari 1483 wanakijiji waliweka sahihi kwenye hati ya namna ya kutumia malisho ya juu na msitu, vitu ambavyo vilikuwa vya wote. Mwaka 1517 wakawa na sheria nzuri kuliko zote nilizowahi kuona katika kazi yangu ya ubibi shamba: hakuna ruhusa kupeleka mlimani ng'ombe wengi kuliko unaoweza kuwalisha wakati wa baridi.

Fikiria ujanja wake. Baridi kule ng'ombe hatoki zizini kwa miezi, anakula majani makavu uliyoyakata kwenye shamba lako mwenyewe. Tajiri akitaka kununua ng'ombe 20 baridi ikiisha ili wanenepe kwa majani ya wote, anaulizwa: majani yao ya baridi yako wapi? Hana? Basi, na akizidisha anatozwa faini. Afisa aliyekamata alibaki na nusu ya faini, kwa hiyo hakusinzia. Msimu ukiisha jibini iligawanywa kulingana na ng'ombe wa kila mtu. Mwanaanthropolojia Mmarekani Robert Netting, aliyekuwa ameishi kwanza na wakulima wa Kofyar huko Nigeria, ndiye aliyekiandika kijiji hiki kwa kina, na mtafiti Mmarekani Elinor Ostrom akakitumia kama mfano katika kazi iliyompa Nobel ya uchumi mwaka 2009.

Usije ukadhani ni peponi. Mgeni hata akinunua ardhi Törbel, malisho ya wote hakupata. Watu walioa wamechelewa, wengine hawakuoa kabisa, wengine walihama, na hiyo pia ndiyo iliyofanya ardhi iwatosheleze. Siku hizi wengi wanaishi kwa mishahara, viwanda vya Visp vikiwemo.

Kuna jambo moja lililonichoma. Pale binti alirithi sawa na kaka yake, ndiyo sababu vishamba ni vidogo hivyo. Mimi unajua nilichopata kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha baba yangu. Lakini hao hao mabinti wenye mashamba hawakupiga kura za taifa hadi 1971! Katika kijiji cha Unterbäch, ng'ambo ya Moosalp, wanawake walithubutu kupiga kura mwaka 1957, na kura zao hazikuhesabiwa. Ukipata nafasi, nenda na huko.

Vile vighala vya mbao ulivyonitumia picha, lile jiwe bapa juu ya kila mguu ni la kuzuia panya. Panya hawezi kutembea kichwa chini.

Kaka yako anataka kununua ng'ombe wa tatu. Nimemwuliza majani ya Septemba yatatoka wapi. Tangu juzi ananikwepa.

Mama