Moyo Wenye Tundu, na Figo Zinazoumia Kimya

SWALI: Nina miaka 31, kilo 43. Nilizaliwa na tundu kati ya chemba mbili za chini za moyo. Halikuzibwa, na sasa nimeambiwa haliwezi kuzibwa kwa sababu presha ya mapafu imepanda mno. Midomo na kucha zangu ni za buluu, hemoglobini ni 19. Mwezi uliopita kidole gumba cha mguu kilivimba, nikanunua diklofenaki dukani na maumivu yakatulia. Kliniki walipima kreatinini ikawa 88, maabara wakaandika "kawaida". Mbona daktari bado anataka mkojo wangu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Dada, daktari yuko sahihi. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli na kuchujwa na figo, na mtu wa kilo 43 ana misuli michache, kwa hiyo hata figo ikilegea namba inaweza kubaki nzuri. Mikromoli 88 ni sawa na miligramu 1.0 kwa desilita. Kwa mwanamke wa miaka 31, fomula ya mwaka 2021 ya kukadiria kazi ya figo inatoa uchujaji wa karibu mililita 77 kwa dakika, wakati kwa umri wako tungetegemea 90 na kuendelea. Hiyo 77 nayo huenda imekupendelea. Kama hospitali yako ina sistatini C, kipimo kingine cha figo, kiombe, maana hakitegemei misuli sana.

Mkojo husema mapema zaidi. Figo hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Damu yako ni nzito na ina oksijeni kidogo, hivyo vichujio vya figo huvimba na kuanza kuvujisha protini kabla kreatinini haijapanda. Omba uwiano wa albumini (hiyo protini) na kreatinini, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni salama. 30 hadi 300 figo inavuja. Zaidi ya 300 inavuja sana. Kijiti cha kuchovya kinaweza kukosa uvujaji mdogo. Usipeleke mkojo ukiwa hedhini au una homa. Majibu yakiwa mabaya, yarudiwe, na yabaki mabaya kwa zaidi ya miezi mitatu kabla ya mtu kukuita mgonjwa wa figo.

Sasa hiyo diklofenaki. Figo iliyobanwa hujiokoa kwa kemikali zinazopanua mshipa unaoiletea damu, na diklofenaki huzizima. Ukiimeza huku unatumia dawa ya kukojoza kama furosemaidi pamoja na enalaprili (dawa ya presha na moyo), figo inaweza kuzimika ndani ya siku chache. Isitoshe, wenye ubuluu hutokwa damu kwa urahisi. Soma maandishi madogo ya pakiti: ibuprofeni, naproksini na meloksikamu ni ndugu zake. Kwa maumivu ya kawaida meza parasetamoli.

Kidole chenyewe yaelekea ni jongo, na tusiilaumu nyama choma peke yake. Kwa watu wenye ubuluu asidi ya yuriki hupanda hasa kwa kuwa figo hushindwa kuitoa. Mwombe daktari aipime. Kolchisini husaidia, ila dozi hupunguzwa kulingana na figo.

Ukiharisha au kutapika, anza maji ya chumvichumvi (ORS) mara moja na upige simu kliniki siku hiyo hiyo. Kama unatumia furosemaidi na enalaprili, watakuambia kama zisimame, usiamue mwenyewe. Ukitundikiwa dripu, mkumbushe muuguzi asiache hata povu moja la hewa kwenye mpira, kwani kupitia tundu lako linaweza kufika kwenye ubongo. Na mtu asikutoe damu kwa sababu tu ya hiyo 19. Ndiyo njia ya mwili kufidia oksijeni.

SWALI: Nilifanyiwa upasuaji wa Fallot (kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo) nikiwa mtoto. Sina ubuluu wala dawa. Nipime figo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndiyo, kreatinini na mkojo mara moja kwa mwaka, siku ile ile ya kipimo cha moyo cha ultrasaundi. Baada ya upasuaji huo vali ya mapafu mara nyingi huvuja, upande wa kulia wa moyo hutanuka, na presha hurudi nyuma hadi kwenye mishipa inayotoa damu figoni. Miguu ikianza kuvimba jioni, usingoje tarehe ya kliniki. Ukipangiwa picha ya CT yenye dawa ya mshipani, peleka majibu yako ya kreatinini, na uulize kama upewe maji kabla.